Chai ya Kijani Isiyoonjwa

Enzi zetu pale Albert Park, Durban, mtoto alijifunza kushuku kabla hajajifunza kufunga kamba za viatu. Wenzangu mliokulia kwenye yale maghorofa, wazazi wenu wakiwa wametokea Bukavu, Uvira au Bujumbura, mnajua ninachosema. Mlango ukigongwa, hakuna aliyeitika. Kwanza televisheni ilipunguzwa sauti, kisha Papa akachungulia kwenye kitundu, kisha akauliza ni nani, na hata akijibiwa na mtu anayemjua, aliuliza tena. Siku hizi vijana wanatangaza kwenye simu mahali walipo, wanachokula na saa watakayorudi nyumbani. Sisi hata jina la shule hatukumtajia mtu tuliyekutana naye kwenye lifti, ingawa lifti yenyewe haikuwa ikifanya kazi.

Kwa kuwa lifti ilikufa, ngazi ndizo zilikuwa uwanja wetu. Wasichana tulicheza nzango koridoni, makofi na miguu kwa pamoja, mpaka jirani wa chini agonge dari yake kwa ufagio. Wavulana walipiga mpira wa mifuko ya plastiki na kuulilia ukianguka mpaka chini. Tukitoka shule tulinunua magwinya ya moto, maandazi ya kule, kwa mama mmoja Mzulu aliyekaa karibu na robot, zile taa za barabarani, tukala huku mafuta yakitutiririka hadi kwenye viwiko. Jioni korido nzima ilinukia sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa mawese, na ndagala, dagaa wa kwetu, wa kukaanga. Ulijua kila mlango unakula nini. Kula kwenye mlango usio wenu ndiyo ilikuwa hapana.

Kwa watu wa kwetu Kivu, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako, ndipo akupe. Ni heshima, na ni kukuonyesha kwamba hamna sumu. Mama alilishika hili kuliko sala. Alikuwa na kaka yake, mjomba Safari, ambaye mimi sikumwona. Alikunywa pombe ya ndizi kwa jirani, jirani wa kuaminika, na hakuonjewa. Alizikwa wiki ileile. Kama ilikuwa sumu au ugonjwa, hakuna aliyejua, isipokuwa Mama, ambaye alijua. Tangu hapo hakuwahi kula wala kunywa kwa mtu. Harusini alienda ameshiba, chupa yake ya maji mkobani. Na kwetu hakuna aliyetia tonge mdomoni, hata Papa, kabla Mama hajaonja sahani mbele yetu sote. Udongo uwahi ungali maji, na sisi tuliwahiwa kweli.

Basi siku moja akaja Mjapani. Alikodi gereji iliyokuwa nyuma ya jengo letu, ambamo zamani magari yalipigwa rangi. Tulimwita Mchina, mpaka Papa, ambaye alilinda magari ya watu kule South Beach na kuzungumza na mabaharia wa kila taifa, akatusahihisha. Jina lake lilitushinda, tukambatiza Mzee Udongo, maana kitu cha kwanza kuletewa kilikuwa lori la udongo. Mtu mzima, mwenye miwani, ameletewa tope kwa lori. Nani asingeshuku?

Kutoka kwenye ngazi za ghorofa ya pili tuliweza kumwona vizuri. Alikanda ule udongo kama mtu anayekanda unga wa chapati za harusi. Alikaa kwenye gurudumu, na mikononi mwake bakuli likainuka, laini, limenyooka, zuri la kuweka kabatini. Kabla ya kuwasha tanuri aliweka juu yake chumvi kidogo na kikombe cha pombe, akainamisha kichwa. Hapo jengo zima lilishika pumzi. Tanuri likipoa, aliyapanga mabakuli, akayatazama muda mrefu, kisha akachukua nyundo ndogo na kuyavunja. Tena alivunja yale mazuri! Yaliyopinda ndiyo aliyaacha. Mama Neema, aliyeongoza maombi ghorofa ya tatu, alitoa hukumu palepale: "Ule hapana mutu wa bure. Kila bakuli ni jina ya mutu." Wengine walisema anaficha almasi ndani ya tope. Papa alidhani ni jasusi, ila hakuweza kueleza anachopeleleza Albert Park ni nini, labda nani anaiba umeme.

Ikatokea kwamba mke wa Mzee Udongo, aliyefanya kazi na kampuni ya meli, alikuwa akiegesha gari pale Papa alipolinda. Aliuliza kama Papa anamfahamu mtu wa kufagia karakana ya mumewe. Sarafu za magari zilikuwa hazitutoshi, na hilo kila mtu nyumbani alilijua bila kuambiwa. Mama akakubali, akaenda kazini kama mpelelezi.

Kila jioni alituletea taarifa, alizozichota kwa mke wa Mzee. Kwamba mtu huyu amezaliwa kwenye nyumba ya wafinyanzi, tangu babu wa babu yake. Kwamba alipokuwa kijana, baba yake alimfagilisha majivu na kumkandisha udongo miaka mingi kabla ya kumruhusu kukalia gurudumu. Kwamba kwao tanuri hurithiwa pamoja na jina, mzaliwa wa kwanza huitwa jina la baba, na yeye, wa pili, alibaki na mikono yake tu. Kwamba alipoanza kufinyanga vitu vilivyopinda, watu wa miji mikubwa walikuja kuvitazama kimya kama wako kanisani, na wengine wakavinunua, lakini baba yake alikufa bila kugusa hata kimoja. Ndipo akamfuata mkewe Durban. Na mwenyewe, Mama alisema, anakulia kwenye sahani yenye ufa. Mfinyanzi hulia gaeni, nikasema mimi, maana Mtanzania wa duka la simu alikuwa amenifundisha. Mama hakucheka.

"Baba gani anamunyima mutoto wake kazi ya familia?" aliuliza. "Ule balimufukuza. Iko kitu alifanya."

Mchana mmoja alirudi mapema. Mzee Udongo alikuwa amemkalisha kwenye kigoda. Alitia unga wa kijani wa majani ya chai kwenye bakuli, akamimina maji ya moto, akakoroga kwa kibrashi cha mwanzi mpaka likatoka povu. Akaliweka mbele yake, akaligeuza polepole kwa mikono miwili, akainama. Basi. Hakuonja.

"Hakuonja," Mama alirudia, kama vile hatukusikia. "Tena aligeuza bakuli, aniletee upande wenye aliweka kitu. Nilimwambia tumbo inauma."

Mama Neema alipanda kwetu jioni ileile na Biblia yake. Alisema kazi iachwe kabla jua halijatoka. "Na batoto batakula maombi?" Papa aliuliza, na nadhani ndiyo mara pekee nilimsikia akimjibu mtu wa Mungu hivyo. Mama alirudi kazini. Hakurudi kwa sababu ameamini, alirudi ili siku moja amkamate.

Mzee hakuuliza habari za tumbo. Baada ya tanuri lililofuata alimpa zawadi, bakuli. Ninaliona mpaka leo: zito, limeegemea upande mmoja kama mtu aliyebeba ndoo, rangi ya majivu, na tone moja nene limeteremka ubavuni likaishia njiani, kama uji uliofurika sufuria. Mama aliingia nalo amevimba.

"Anavunja mazuri, mimi ananipa kilema. Sawa vile sisi ni wakimbizi, tunapokea tu."

Aliliweka chini ya sinki, akatia ndani yake steelwool ya kusugulia masufuria. Nilimwonea huruma, kwa sababu aibu ile niliijua. Nguo zetu zote zilikuwa zawadi za watu waliotoa wasichokitaka.

Siku iliyofuata alirudi akitembea taratibu. Hakuvua hata kitambaa cha kichwa. Alitoa bakuli chini ya sinki, akaliosha kwa maji ya moto na chumvi, akaliosha tena, akapakua sombe ndani yake na kuliweka katikati ya meza. Akaonja, kama kawaida. Nilimuuliza kulikoni. Alisema alikuta sakafu yote imejaa vigae, akavifagia asubuhi nzima. Mabakuli yote ya tanuri lile Mzee alikuwa ameyavunja, yaliyonyooka na yaliyopinda pia.

"Moja tu njo ilibakia," alisema. "Ile alinipa."

Lakini chai hapana. Kila wiki Mzee alimkorogea, akaligeuza bakuli, akainama, na kila wiki tumbo la Mama likauma. Lazima yule mtu aliamini kwamba wanawake wote wa Kongo wana vidonda vya tumbo. Nami ninakiri kwamba nilikuwa upande wa Mama. Bakuli ni bakuli, lakini mtu asiyeonja ni mtu asiyeonja.

Ikaja habari kwamba kaka yake mkubwa amefariki kule kwao. Tanuri la baba halikuwa na mtu, na jina la baba halikuwa na mwenyewe. Waliomnyima sasa walimwita, na angerudi kufinyanga yale yaliyonyooka mpaka kufa kwake. Alivunja kila kilichobaki gerejini. Wanawake walijipanga kwenye ngazi kutazama. "Anapangusa alama," Mama Neema alisema.

Jioni tukasikia mlango. Televisheni ikapunguzwa, Papa akachungulia, akauliza, akauliza tena. Alikuwa Mzee Udongo na mkewe, wanahema kwa ngazi. Mke alisema mumewe anaomba kuliaga lile bakuli.

Mama alipatwa na haya. Mawese yalikuwa yameingia kwenye nyufa ndogondogo za bakuli na kulichora mistari myekundu ndani yote. Alikuwa amejaribu ndimu, majivu, hata dawa ya kufulia nguo nyeupe, wapi. Mzee alilipeleka dirishani, akalizungusha kwenye mwanga. Mimi nilikuwa natazama mfuko wake nione kama amekuja na nyundo. Mwisho akasema kitu, na mkewe akakitia kwenye Kiingereza: alilitoa motoni likiwa bado halijaisha, na aliyelimaliza ni Mama.

Mgeni haondoki mdomo mkavu. Mama alipakua sombe ndani ya lile bakuli, akaweka bugali pembeni, akanyoosha mkono ili aonje. Mzee alikuwa ameshalichukua. Alilishika kwa mikono miwili, akaligeuza polepole, na mkewe akatueleza kwamba kwao mwenyeji humwelekezea mgeni upande mzuri kuliko zote, na mgeni huugeuzia pembeni ili asiuguse kwa mdomo wake. Kisha akamega tonge, akachovya, akala.

Alikula kabla Mama hajaonja. Haikuwa imewahi kutokea nyumbani mwetu. Mkono wa Mama ulibaki hewani. Akageukia sinki, akafungua bomba, akaliacha maji yatiririke bure, yeye aliyetupigia kelele kwa kila tone. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mzee aliendelea kula mpaka bakuli likawa tupu.

Asubuhi, kabla gari halijaja kuwachukua, Mama alishuka gerejini. Alirudi na povu la kijani juu ya mdomo.

"Ni chungu," alisema. "Ni chungu sana."

Hatukwenda shule. Tulimchunga siku nzima tuone kama atakufa.

Gereji ile leo wanaosha magari. Mama Neema alihamia Kanada, na nimesikia huko nako haamini majirani. Mimi naishi South Beach na wanangu, vijana wa siku hizi, ambao hawajui jina la jirani wa mlango wa pili lakini wanakula chakula kilicholetwa na mtu wa pikipiki ambaye hata uso wake hawajauona, kofia yote imemfunika. Bibi yao akiwa kwangu, hukaa mlangoni kumsubiri huyo mtu. "Nani alionja?" humuuliza. Mwezi uliopita alimkamata kijana mmoja Mrundi, na yule, mtoto wa watu, alielewa, akavua kofia, akachukua chipsi moja akala mbele yake. Wanangu walitaka ardhi iwameze. Mimi nilitamani kumkumbatia.

Sisi tulishuku kila mtu, na bado tulijua mlango gani una mgonjwa. Hawa wanaamini kila mtu na hawajui hata aliyefiwa. Sijui ni nani kati yetu aliyepoteza zaidi, ila najua ni nini ninachokikumbuka.

Jumapili iliyopita Mama alikuja na bakuli lake, amelifunga kwenye kitenge. Alipakua sombe. Binti yangu mdogo, ambaye amelelewa vizuri, alikunja mikono yake, akasubiri bibi aonje. Mama alimsogezea bakuli, akaligeuza polepole mpaka lile tone lililoishia njiani likamwelekea mtoto.

"Kula," alisema. "Ile ilishaonjwaka."