Kichuguu cha Selina

Mimi ni mtu wa maneno, nakiri. Hapa Kisesa ukitaka jambo lifike Magu kabla jua halijazama, mwambie Yakobo. Mke wangu Selina alilijua hilo kuliko mtu yeyote, ndiyo maana kwa miaka thelathini na moja hakunionyesha kichuguu chake cha uyoga.

Huku kwetu kichuguu kinachotoa uyoga hakitangazwi. Ukikitangaza, mwaka unaofuata wenzio wamekwishapita alfajiri, wewe unaokota vipande. Basi mvua za kwanza zikinyesha tulitoka wote wawili, mimi nimebeba kikapu, mpaka kwenye mkwaju ulio nyuma ya majaruba ya mpunga. Hapo ananisimamisha. "Geuka, Yakobo." Nageuka, naangalia barabara. "Na usichungulie!" Haya. Nasimama kama ng'ombe aliyefungwa, yeye anapotea vichakani, anarudi baada ya muda mrefu akitokea upande mwingine kabisa, gauni limelowa mpaka magotini. Nikaamini ni mbali.

Jioni, uyoga ukichemka na karanga, tunacheza drafti. Kete zetu ni vizibo vya soda: vyake vimetazama juu, vyangu vimelala kifudifudi. Mwanamke yule hakuwa na huruma! Hata nikiumwa homa, ananila kete tatu kwa mpigo halafu ananiuliza kama nataka uji.

Alifariki mwezi wa tatu. Presha. Hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo nyumba imebaki na mimi na redio, na redio haijibu. Nimejaribu kucheza drafti peke yangu, mkono wa kulia na wa kushoto. Upuuzi mtupu, unajifunga mwenyewe halafu unajionea huruma. Na linaloniuma zaidi, mimi mtu wa maneno, kuna neno moja sikuwahi kumwambia usoni.

Mvua za vuli zilipoanza nikasema, uyoga ule nitaupata. Si njaa, sokoni uyoga upo. Nilitaka wa Selina, na nilikuwa na siku tatu tu kabla haujaingia funza. Kwa miguu hii, mwakani sitaweza kwenda tena, na kichuguu kitakuwa kimezikwa pamoja naye.

Siku ya kwanza nilizunguka mpaka majaruba ya mwisho. Patupu. Siku ya pili nikaenda upande wa mawe makubwa, nikarudi na miiba. Hasira zikanipanda, nikamgombeza njiani kwa sauti: "Selina, umeondoka bila kuniambia? Mimi mumeo?"

Siku ya tatu nilichoka, nikakaa chini ya mkwaju, pale pale pangu. Ndipo nikagundua kwamba hata sasa nimekaa nikiangalia barabara. Mtu mzima, mke yuko kaburini, bado naogopa kuchungulia! Nikageuka. Upepo ukaniletea harufu. Nikaingia vichakani nikihesabu hatua. Arobaini. Arobaini tu, jamani! Kichuguu hicho hapo, kimejaa uyoga mweupe. Kumbe alikuwa anazunguka shamba zima makusudi ili anipoteze.

Nilicheka peke yangu, nikapiga magoti kuchuma. Mara nikasikia watu. Jirani yangu Gladness na mwenzake walikuwa wametua kuni zao chini ya mkwaju.

"Mzee Yakobo siku hizi kanyamaza," Gladness alisema. "Hata nikimpa shikamoo anaitikia nusu."

Walizungumza taratibu tu, lakini nilisikia kila neno, utadhani wamekaa kando yangu. Nikaacha kuchuma.

Maana kuna mwaka dada yangu mkubwa alinikalia kooni nioe mke wa pili anizalie. Selina alijua. Hakuniuliza kitu, na mimi nikakosa la kumwambia. Msimu wa uyoga wa mwaka ule, nikiwa nimegeuzwa pale mkwajuni, nikidhani yeye yuko mbali, nilianza kubishana na dada peke yangu, kwa sauti, kama mwehu. "Sitaki mwingine! Mtoto asipopatikana, basi. Mimi wangu nimeshampata."

Nyumbani sikulirudia. Niliona aibu. Nimemzika nikijilaumu kwamba amekufa hajui.

Na jioni ya siku ile niliyobishana mkwajuni, Selina alifungwa drafti mara tatu mfululizo. Aliacha kete wazi ovyo ovyo, huku anajifuta macho, anasema ni moshi. Mimi mjinga nikazunguka Kisesa wiki nzima nikijisifu kwamba nimembwaga mke wangu.

Nilisubiri kina Gladness waondoke, nikatoka na kikapu. Nikawakuta mbele wakipanga mizigo upya.

"Shikamoo mzee. Hee! Umeupata wapi huu?"

"Marahaba. Huko huko."

"Huko wapi?"

Nikampa viganja viwili vya uyoga, nikapita zangu. Nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba mzee anaumwa.

Nyumbani niliupika na karanga. Nikapanga vizibo, vyake vikitazama juu. Nikasogeza kete yangu ya kwanza, kisha ya pili, nikaziacha wazi zote mbili. Uyoga ulipoa, na kete zilikuwa bado pale pale, hakuna wa kuzila.