Mechi Sita Bila Mshambuliaji Wetu

Msimu ule timu yetu ilipanda ligi kuu, na mimi nikapanda nayo. Nasema hivyo kwa sababu hakuna aliyenifikiria hadi siku mtu wa timu alipokuja kwenye zahanati ninayofanya kazi, pale Misugusugu, Kibaha, akaniomba niwe nafika mazoezini jioni. Mimi ni tabibu, si daktari, lakini kuanzia wiki ya kwanza wachezaji wote waliniita Dokta, nami nikaacha kuwasahihisha. Nilikuwa mwanamke pekee kwenye benchi, na begi langu lilikuwa na bandeji, barafu na dawa ya kupuliza.

Mzunguko wa kwanza tulifungwa sana. Kama si mshambuliaji wetu tungekuwa tumeshashuka daraja kabla ya Krismasi. Alikuwa kijana mrefu wa Kisarawe, mpole, mtu wa kusalimia kila mzee anayepita nje ya uwanja. Akipewa mpira ndani ya boksi, watu walisimama kabla hajapiga. Pale Kwa Mathias wauza matunda walimwita mwanetu, na machungwa walimpa bure.

Alianguka jioni moja katikati ya Ramadhani, tukiwa mazoezini. Hakuguswa na mtu. Alikuwa anakimbilia mpira uliotoka nje, peke yake, akaenda chini kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Mtu aliyechoka akianguka hutanguliza mikono. Yeye hakutanguliza chochote.

Nilipomfikia alikuwa tayari amefumbua macho na anacheka kwa aibu.

"Swaumu tu, Dokta. Jua kali."

Wenzake nao wakacheka. Nilikuwa nimemshika shingoni, na mapigo niliyoyasikia chini ya vidole yalikuwa yanakwenda kasi isiyohesabika, kisha ghafla yakatulia.

"Ulishawahi kuanguka hivi?" nilimuuliza kwa sauti ya chini.

Alijifuta vumbi usoni. "Mara moja. Nikiwa sekondari."

Nikamwambia hachezi mpaka apimwe moyo.

Kocha alinivuta pembeni. Alikuwa mtu wa bara, mkali lakini wa haki, na mpaka siku ile hatukuwahi kupishana. "Dada yangu, tumebakiza mechi chache na tuko mkiani. Unaniondolea mtu mmoja anayejua kufunga, kwa sababu amefunga swaumu?"

"Nakuondolea kwa sababu sijui ana nini."

"Tukishuka, mashabiki utawaambia wewe."

"Nitawaambia."

Nilisema hivyo kwa ujasiri, ila nilipofika nyumbani nilianza kujiuliza. Huenda ilikuwa swaumu kweli. Huenda nilikuwa naiua timu kwa woga wangu.

Nafasi ya kumwona mtaalamu wa moyo Dar es Salaam ilikuwa ya wiki kadhaa mbele. Mechi ya kwanza bila yeye tukafungwa moja bila. Ya pili tukafungwa tena. Jukwaani walianza kuniimba, "Dokta, mrudishe!" na pale Kwa Mathias mama mmoja niliyekuwa mteja wake wa siku zote alinifungia ndizi bila kuitikia salamu yangu. Hayo niliyavumilia. Kilichoniuma ni mchezaji mwenyewe, aliyeanza kupita mbali nami mazoezini. Mwishowe alinijia akiwa amekunja uso.

"Mama anasema mna chuki na mimi. Njoo umweleze mwenyewe."

Jumapili nilipotoka kanisani, meneja wa timu alitupeleka Kisarawe kwa gari lake. Mama yake tulimkuta uani anamenya mihogo ya futari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

Akanisogezea kigoda bila kunitazama. Nilimweleza nilichokiona, polepole, naye akaendelea kumenya. Kisha nikamuuliza swali ambalo ndilo hasa lililonipeleka: kama katika ukoo wao kuna aliyewahi kufa ghafla akiwa bado kijana.

Kisu kikasimama.

"Kaka yangu," alisema. "Alikuwa analima. Akaanguka na jembe mkononi, hakuamka. Alikuwa hajaoa hata. Watu wakasema karogwa."

Mwanawe akamgeukia. "Mama, si uliniambia mjomba alikufa kwa homa?"

"Ningekuambiaje? Ningekuambia nini, wakati mwenyewe sijui kilichomuua?"

Kuku walikuja kudonoa maganda na hakuna aliyewafukuza. Kisha yule mama akaweka kisu chini, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Mwanangu, mpeleke akapimwe. Hata kama ndio mwisho wa mpira wake, mpeleke."

Hapo ndipo nilipoanza kupumua. Sikuwa nimepata jibu, lakini sikuwa tena peke yangu na lile swali. Tuliporudi Kibaha kijana alikaa kiti cha nyuma, na tulipofika kituo cha Picha ya Ndege akasema, "Dokta, nisamehe." Nikamwambia hakuna cha kusamehe. Uongo kidogo, maana nilikuwa nimeumia.

Siku ya miadi ilipofika, mtaalamu alimfunga nyaya kifuani, akasoma ile karatasi ndefu kwa muda. Akatueleza kwamba moyo wa kijana una njia ya ziada ya umeme, kitu alichozaliwa nacho, na siku yoyote moyo ungeweza kukimbia mpaka usimame.

"Nitacheza tena?" ndilo swali lake la kwanza.

"Tukishaiziba hiyo njia, utacheza. Bila hivyo, ningekukataza hata kukimbilia basi."

Nilitoka nje kwenye korido, nikakaa kwenye benchi na kulia mbele za watu. Mgonjwa alikuwa yeye, lakini yeye ndiye aliyeninunulia maji.

Walimtibu kwa waya mwembamba uliopitishwa kwenye mshipa wa paja, na siku chache baadaye alikuwa nyumbani kwao anakula kuliko wote. Huku timu ikaanza kujitafuta. Tulitoka sare tatu mfululizo, kisha beki wetu wa kushoto, ambaye hajawahi kufunga hata mazoezini, akapiga mpira wa mbali ukatupa ushindi. Sikuimbwa tena.

Mechi ya mwisho tulicheza nyumbani, tukihitaji sare tu. Ruhusa ya mtaalamu ilikuwa imefika siku mbili kabla, na mshambuliaji wetu alikaa benchi karibu yangu, mguu ukimchezacheza. Dakika ya themanini matokeo yalikuwa moja kwa moja na wapinzani wanatusonga. Kocha akanigeukia. Safari hii hakuamrisha.

"Dokta, unasemaje?"

"Yuko salama. Mwingize."

Hakufunga bao. Alikimbia tu, akawasumbua mabeki wao, akaupeleka mpira kwenye kona na kuukalia ili muda uende. Mimi sikuangalia mpira hata mara moja, nilimwangalia yeye. Filimbi ilipolia watu walivamia uwanja, na kocha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaenda zake.

Mama yake nilimkuta nje ya geti. Alikuja kutoka Kisarawe lakini alishindwa kuingia kwa woga.

"Wamemaliza?"

"Wamemaliza, mama."

"Mzima?"

"Mzima kabisa. Yule pale, wamembeba."

Akaegemea ukuta, akamshukuru Mungu mara nyingi. Matokeo hakuuliza. Nilipomwambia tumebaki ligi kuu alisema ni jambo jema, kisha akaniomba nimwonyeshe choo kilipo, maana alikuwa amejibana tangu kipindi cha kwanza.