Wazazi Wangu Katika Picha Moja

Wazazi wangu walifunga ndoa kwenye kanisa la Kilutheri kule Bweranyange, lakini hawakuwa na picha hata moja ya harusi wakiwa wamesimama pamoja. Asubuhi mpiga picha alimpiga mama picha nyumbani kwao Kanoni, akiwa na shela. Mchana akampiga baba nje ya kanisa, kofia kwapani. Alipowasimamisha wote wawili, filamu ilikuwa imekwisha. Alikuwa ameimalizia kwa wajomba, maana kila mjomba alitaka na yeye apigwe.

Tulikua tukiwaona ukutani, kila mmoja kwenye fremu yake, mlango ukiwa katikati.

Mwaka jana waliamua kufanya ibada ya kushukuru kwa ndoa yao. Mimi nafundisha Kibingo, upande wa Kyerwa, nikaja likizo na kompyuta yangu kuukuu. Nikashusha zile fremu, nikazipiga picha kwa simu, nikazihamishia kwenye kompyuta.

"Nitawaunganisha," nikamwambia mama.

Hakupenda. Kuna jirani picha yake ilizungushwa kwenye makundi ya WhatsApp, imebandikwa maneno ya kejeli. "Sitaki uso wangu utembee," akasema. "Ukishaingia huko, nani ataurudisha?"

Nikamweleza kwamba natumia ukurasa wa bure unaofunguka kwenye kivinjari, hauombi jina wala namba, na kazi yote inafanyika ndani ya kompyuta yenyewe.

"Maneno hayo hata mwizi anayasema."

Basi nikafungua ule ukurasa, kisha nikazima data kwenye simu iliyokuwa inaniletea mtandao, nikamkabidhi. "Ishike mwenyewe, mama. Sasa picha haina pa kutokea."

Akaikumbatia simu kama mtu aliyeshika kuku anayetaka kuruka. Nikaiweka picha yake kwenye ukurasa, nikabonyeza, na ule ukuta wa udongo uliokuwa nyuma yake ukatoweka. Akabaki yeye na shela lake. Mama akatazama simu, akatazama kompyuta.

"Kumbe niko humu humu?"

"Humu humu."

"Haya, mlete na baba yako."

Baba alikuwa ametoka kwenye migomba, akaingia na panga mkononi aone kinachoendelea. Nikamweka kando ya mama. Kwa kuwa yeye alipigwa kwa karibu, alitokea jitu, mama akimfikia kifuani.

"Huyu ni nani?" mama akacheka. "Mpunguze."

Nikampunguza.

"Bado."

Nikampunguza tena, mpaka kichwa chake kikafika kwenye nyusi za mama.

"Wewe, unanimaliza!" baba akalalamika. "Tuache japo tulingane."

"Tulingane wapi? Siku ile mbele ya mchungaji ulinitazama hivi." Mama akainua kidevu, akakodoa macho juu, akimwigiza. Baba alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la kahawa.

"Kweli," akasema alipopata pumzi. "Nilikutazama hivyo hivyo. Na sikumwona mtu mwingine mle kanisani."

Mama akajifunika uso kwa upande wa kanga. Mimi nikajifanya nahangaika na rangi.

Ratiba ya ibada nayo niliipanga kwenye ukurasa wa namna ile ile, picha yao ikakaa juu, nikaichapisha. Siku yenyewe, mzee mmoja jirani yetu aliishika ile karatasi, akaisogeza karibu na macho, akaja mpaka walipoketi.

"Mimi nilikuwepo harusini," akasema. "Nilikula, nilicheza. Hii mlipigwa saa ngapi?"

"Wakati huo wewe ulikuwa kwenye pombe ya rubisi," baba akamjibu.

Watu waliangua kicheko, hata mchungaji. Mama akamwonea huruma, akamweleza jinsi nilivyoiunganisha. Mzee akanigeukia.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Kama ni hivyo, na mimi niingize."

Kesho yake alikuja amevaa koti na tai, akasimama uani nimpige picha.