Jirani na Skuta Yake

Jirani yetu hapa Kiganjo huipangusa skuta yake kila asubuhi kwa fulana kuukuu. Huchomoa kijiti cha oili, akakinusa kama anayepima mchuzi, kisha hutikisa kichwa hata oili ikiwa sawa. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Jumapili moja bintiye, Kavata, aliitoa kisiri ajifunze kuendesha, akaanguka nayo getini. Wapangaji wote tulitoka kusikia atakavyofokewa. Mzee alizima injini, akamkung'uta binti vumbi magotini, wala hakukitazama kioo kilichovunjika.

"Pole, Baba," Kavata alisema akilia. "Wacha niirudishe ndani."

Mzee aliiinua skuta, akamshikia usukani. "Panda tena, kabla woga haujakuzoea."

Kavata alipanda, lakini mzee hakuuachia usukani.