Mwanga wa Meno ya Msumeno

Kazi yangu katika zahanati ya Buyenzi ilikuwa kugeuza wagonjwa kuwa namba. Muuguzi mkuu alipima, akanitajia ugonjwa, nami nikatafuta namba yake kwenye orodha ya ukutani na kuiandika kwenye rejista. Malaria ilikuwa na namba yake, kuhara na yake, risasi na yake. Miaka ile ya vita, ya risasi hata sikuhitaji kuitazama.

Lakini mimi nilikuwa na ubishi wangu. Kabla ya namba niliandika maneno ya mgonjwa mwenyewe, jinsi yalivyomtoka mdomoni. Muuguzi mkuu alinicheka kila siku. "We mama, hiyo ni rejista ama barua ya mapenzi?" Nikamwambia aangalie sindano zake, wino aniachie mimi.

Jumatatu moja asubuhi mwalimu alisimama kwenye dirisha langu, amekasirika. Nilimfahamu. Alikimbia Carama mapigano yalipofika kwao, akapata chumba kwa shangazi yake mtaani kwetu, akawa anasomesha darasa la tano shule ya jirani. Alishakuja kwetu mara kadhaa kwa ajili ya kichwa. Akanitupia karatasi mbele.

"Mama, umeniandika nini?"

Ilikuwa cheti chetu, muhuri wetu, mwandiko wangu. Mkurugenzi wa shule alikuwa amemkuta darasani ameshika ukuta, jicho moja amelifunga, akamtuma alete cheti. Na mimi nilikuwa nimeandika namba ya kifafa. Kwenye orodha yetu, ugonjwa wa kichwa unaokuja na kuondoka ulikuwa huo tu. Muuguzi mkuu alisema weka hiyo hiyo, nikaweka.

Na kifafa kwetu, jamani, watu wanakiogopa. Hawali sahani moja na mwenye nacho, wanakimbia mate yake, na watoto wao ndio kabisa hawamwachii. Mkurugenzi alikuwa amempa mpaka Ijumaa: daktari wa serikali akanushe kile cheti, la sivyo darasa linapewa mtu mwingine.

"Darasa ndilo limebaki, mama," akaniambia. "Nyumba imeungua. Bwana yangu sijui yuko wapi. Mi sina kifafa. Mi naona mwanga."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. "Mwanga gani? Niambie tena."

"Kama meno ya musumeno. Yanaanza madogo, huku kushoto, yanawaka, yanapanuka, yanakula nusu ya kitu ninaangalia. Yakiisha ndiyo kichwa kinakuja, na kutapika."

Mbona maneno hayo nilishayaandika! Nikashusha rejista za zamani. Siku tuliyoikimbia zahanati wenzangu walibeba magodoro, mimi nikabeba rejista kichwani mpaka msikitini, na hapo pia walinicheka. Sasa nikazifunua. Mara ya kwanza mwalimu aliandikwa malaria. Mara ya pili malaria tena. Mara ya tatu kifafa. Namba zilirukaruka, lakini maneno yaliyozitangulia yalikuwa yale yale: msumeno, kushoto, nusu, halafu kichwa. Nilipiga meza, wallahi, mpaka muuguzi mkuu akachungulia.

"Mwanga ukija, unaanguka?"

"Apana."

"Akili inapotea?"

"Apana, mama. Nasomesha. Nawapa watoto dikte, mimi nasema wao wanaandika, juu dikte nazijua kwa kichwa, sina haja ya kuona kitabu. Nikifika nukta ya mwisho, mwanga umeisha."

"Daftari za dikte ziko wapi?"

"Watoto wanazo."

"Zilete zote."

Alhamisi tukatoka kwenda kwa daktari wa serikali, yeye na daftari, mimi na rejista. Askari wa kizuizini alifungua daftari moja, akasoma taratibu, akasema huyu mtoto ana makosa mengi, akatuacha tupite.

Daktari hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka. Aliangalia cheti, akasema hana namba nyingine ya kutupa, na nje kuna majeruhi wanamngoja. Mwalimu akaanza kuinuka. Nikamshika mkono.

"Dokta, mi sitoki hapa."

Nikamsomea rejista, mara zote tatu. Kisha nikafungua daftari, nikamwonyesha tarehe. Kila siku aliyofika mwalimu kwetu mchana anatapika, asubuhi yake darasa zima liliandika dikte. Watoto wengi, dikte moja, kuanzia herufi kubwa ya kwanza mpaka nukta.

"Huyu alikuwa haoni nusu ya darasa lake," nikasema, "na hakuruka hata sentensi moja. Kifafa gani hicho kinachoweka koma?"

Daktari akacheka, maskini, labda mara ya kwanza wiki ile. Akavuta kiti. Akamuuliza mwalimu kama mwanga unapanuka polepole, unachukua dakika ngapi, na kama nyumbani kwao kuna mwingine. Mwalimu akasema mama yake alikuwa akijifungia gizani na kitambaa kichwani. Basi daktari akaandika kwa Kifaransa, akatusomea kwa Kiswahili: kipandauso kinachotanguliwa na mwanga. Si kifafa. Hayo ya mwisho aliyapigia mstari mara mbili.

Mwalimu alilia njia nzima ya kurudi. Mimi nilitembea kifua mbele kana kwamba nimeshinda vita peke yangu.

Rejista haifutwi. Unapiga mstari mmoja mwekundu juu ya kosa, ili lisomeke, na unatia saini yako. Nikaupiga mbele ya muuguzi mkuu, nikasaini kosa langu. Akasema, "Lakini kwenye orodha hiyo kitu haiko." Nikapanda kiti, nikaiandika mwenyewe chini ya namba ya mwisho, nikaipa namba. Alitaka kusema neno. Nikamgeukia tu, akaenda kwenye sindano zake.

Wiki chache baadaye nilipita karibu na shule, natoka sokoni na mboga zangu za lengalenga. Nikasikia sauti yake, nikachungulia dirishani. Mwalimu alikuwa ameshika ukuta, jicho moja amelifunga, anasomesha dikte. Nikajua meno ya msumeno yameshaanza. Watoto wameinamia daftari. Mkurugenzi alikuwa mlangoni, mikono nyuma, anasikiliza, haingii.

Nilisimama pale juani mpaka akafika nukta.