Kwa Boti ya Matanga hadi Kisiwa cha Mama

Niliondoka Kilosa kwa ajili ya mama yangu, ingawa aliyenilipia nauli alidhani ninakwenda kwa ajili ya matanga ya boti yake.

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara, mashamba ya katani ya kwetu yalikuwa yakifungwa moja baada ya jingine, na reli nayo ilikuwa ikipunguza watu. Mimi ni fundi wa kushona, jina langu Bakari. Kilosa wateja walipokwisha, nilihamishia kazi yangu Mikumi, kando ya barabara kuu, kwa kuwa malori yaendayo Zambia yalikuwa yameongezeka na turubai zake hazikosi kuchanika. Kila Ijumaa nilirudi Kilosa kwa mama.

Mama, Bi Zena, alizaliwa Jibondo, kisiwa kidogo kusini mwa Mafia. Akiwa msichana alipelekwa Dar es Salaam kutibiwa, na huko ndiko alikoonana na baba yangu, fundi wa reli, mtu wa Tabora. Baba yake mama hakutaka kusikia habari za mkwe kutoka bara. Wakaoana bila ridhaa yake, kisha baba yangu akahamishiwa Kilosa. Mama hakurudi kwao tena. Barua mbili alizoandika hazikujibiwa, ya tatu hakuiandika. Baba yangu alipofariki, mama alibaki na mazoea ya kukaa barazani jioni na kuniuliza, "Leo upepo unatoka wapi?" Upepo wa Kilosa hauna habari nyingi, lakini nilimjibu. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

Siku moja pale Mikumi alisimama Bwana Hemedi, akitokea Tunduma na bidhaa zake, turubai imepasuka katikati. Zamani alikuwa karani wa shirika moja la umma; lilipovunjwa akaingia kwenye biashara. Aliinama akatazama mshono wangu wa mkono kwa muda mrefu.

"Fundi, nani alikufundisha kushona hivi?"

"Mama yangu. Baba yake alikuwa mshona matanga."

Akacheka kwa furaha. Kumbe alikuwa amenunua boti ndogo ya matanga kutoka kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao, na alitaka kuwazungusha watalii visiwani. Kabla ya kuwachukua watalii alitaka kuijaribu njia mwenyewe. Lakini matanga yalikuwa makuukuu, na alihitaji mtu wa kuyashona humo humo safarini.

"Mnapita Jibondo?" nikamuuliza.

"Tukitaka tutapita."

Ijumaa hiyo nilimweleza mama. Alikunja upande wa khanga yake, akaukunjua.

"Mdogo wangu anaitwa Mwanahawa," alisema mwishowe. "Kama yu hai, msalimie. Usiseme unaniombea msamaha. Sema umekuja kusalimia tu."

Alfajiri ya Jumatatu nilipanda treni. Nilikaa dirishani nikaiangalia milima ya Kilosa mpaka ikawa buluu, kisha ikawa haipo. Nilikuwa na miaka thelathini na mitano na sikuwahi kuiona bahari.

Dar es Salaam sikukaa. Bwana Hemedi alinipokea stesheni akanipeleka moja kwa moja ufukweni, na pale nikaiona boti yenyewe, *Tulia*, nyeupe, fupi kuliko lori la tela, ikiyumba kwenye nanga. Ndani yake mlikuwa na vitanda vitatu vyembamba, jiko la mafuta ya taa, na harufu ya chumvi na plastiki iliyochomwa na jua. Nahodha aliitwa Faki, mtu wa Pemba, mkimya, ambaye aliniangalia viatu vyangu akasema, "Hivyo vua. Hutavihitaji mpaka urudi."

Siku ya kwanza baharini sina la kusimulia isipokuwa kwamba nilitapika. Upepo wa kaskazi ulitusukuma kutoka nyuma, boti ikapanda na kushuka, nami nikaegemea ukingo nikiwaza kwa nini mama alikitamani kitu hiki miaka yote. Faki alinipa ndimu. "Tazama mbali," alisema. "Ukitazama chini bahari inakuzungusha." Nikatazama mbali, nako hakukuwa na kitu cha kutazama. Nilitamani kilima. Kilima kimoja tu, hata kichuguu.

Alasiri tulitia nanga kisiwa cha Kwale. Nilishuka kwenye maji ya magotini, na miguu ilipogusa mchanga nikaona ardhi yenyewe inayumba. Watu wa pale wakacheka, wakatupa madafu. Bwana Hemedi akaanza kuulizia mahali pa kujenga banda la wageni, anapima kwa hatua, anaandika kwenye daftari. Mimi nilikaa nikashona. Maji yalikuwa yakipwa, yakiacha vidimbwi vyenye samaki wadogo wa rangi ambazo nilikuwa sijaziona ila kwenye vitenge. Pale ndipo nilipoanza kumwelewa mama kidogo.

Siku ya pili tulifika Koma, na ya tatu tukavuka kwenda Mafia. Katikati ya mlango wa bahari tanga la mbele lilipasuka kwa mlio kama risasi. Boti ikageuka ubavu. Bwana Hemedi, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefunga mdomo, akanyamaza kabisa. Faki akalishusha, akanirushia mapajani, limelowa, zito.

"Fundi, ndiyo kazi uliyokujia."

Nilishona huku nimejifunga kamba kiunoni, sindano ikinichoma kila boti iliporuka. Nilitia kiraka, nikapiga ule mshono wa mama: mbele mara mbili, nyuma mara moja, na fundo dogo kila baada ya shubiri. Tanga likapandishwa. Faki akaukagua mshono kwa kidole, na jioni tulipofika Kilindoni, mji wa Mafia, alinimegea kichwa cha samaki.

Kutoka Kilindoni tulizunguka kusini, tukangoja maji yajae ndipo tukaingia kwenye ghuba ya Chole. Popo wakubwa kama kuku walikuwa wananing'inia mitini mchana kweupe. Bwana Hemedi alipendezwa mno, akasema watalii watalala hapa siku tatu. Mimi sikuyaona ya Chole vizuri. Jibondo ilikuwa mbele yetu, ukanda mwembamba juu ya maji, na moyo wangu ulikuwa ukigonga kama wa mtu anayekwenda kuposa.

Asubuhi iliyofuata nilishuka Jibondo nimevaa kanzu safi. Mawe ya matumbawe kila mahali, udongo haba, wanawake wanateka maji kisimani na kuyaonja kabla ya kuyamwaga ndooni kwa sababu ya chumvi. Nikamuuliza mmoja nyumba ya Bi Mwanahawa. Akanionyesha kwa kidevu.

Alikuwa mlangoni akisuka ukili wa mkeka. Nilimtambua kabla hajainua uso: mabega yale yale ya mama.

"Hodi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Watokea wapi?"

"Kilosa, bara. Naitwa Bakari. Mimi mtoto wa dada yako, Zena. Nimekuja kukusalimia."

Mikono yake ikasimama.

"Dada yangu Zena amekufa," alisema taratibu. "Alifia Dar es Salaam, hospitalini. Baba alirudi na habari. Tulikaa matanga, tukasoma hitima. Sasa wewe u nani, unayekuja kucheza na jina la marehemu?"

Majirani walikuwa wameshaanza kusogea. Nikamweleza habari za baba yangu wa reli, ndoa, barua mbili.

"Barua hapa hazikufika," alisema kwa ukali. Kisha akasita. "Barua za kisiwa hiki alikuwa akizichukua baba Kilindoni." Akatikisa kichwa kama anayefukuza nzi. "Nenda, kijana. Nenda na amani. Nilimlilia mara moja, yatosha."

Akaingia ndani akafunga mlango.

Nilirudi pwani nimeinamisha kichwa. Maji yalikuwa yamekupwa na *Tulia* imekaa ubavu mchangani, isingeweza kuondoka mpaka yajae. Bwana Hemedi aliponiona uso hakuniuliza. Akaniambia tu, "Tanga kuu nalo linaachia pembeni." Nadhani alitaka kunipa kitu cha kufanya. Nikalitandaza mchangani, nikashona. Nilikuwa nawaza nitamwambia nini mama. Kwamba kwao yeye ni maiti? Au niseme sikufika kabisa?

Adhuhuri kivuli kiliniangukia. Alikuwa Bi Mwanahawa, amejitanda khanga mpaka kichwani. Alikuja, nadhani, kuniangalia tena usoni. Lakini hakuwa ananitazama uso. Alikuwa anatazama sindano.

"Endelea," alisema.

Nikaendelea. Mbele mara mbili, nyuma mara moja. Nilipofika shubiri nikapiga fundo.

Akaketi chini, pale pale mchangani.

"Baba hakuzaa mtoto wa kiume," alisema. "Mimi na Zena ndio tuliokuwa tukimshonea. Fundo hilo Zena alilianzisha mwenyewe, kwa uvivu, ili uzi ukikatika asirudie mshono wote. Baba alimgombeza. Hakuna mwingine anayelipiga." Akalishika tanga, akalipapasa fundo moja, la pili, la tatu. "Yu hai?"

"Yu hai, mama mdogo. Macho tu ndiyo yanamsumbua."

Nilidhani atafurahi. Alipiga mchanga kwa kiganja.

"Miaka yote hii! Nimemzika mtu aliye hai! Na baba akanitazama nikilia, akanyamaza!" Ndipo akalia, kwa sauti, na wanawake wakaja mbio, na baada ya muda, wote wakawa wanalia na kucheka, na mtu akanipa sahani ya wali wa nazi na pweza nisijue niishike vipi na sindano.

Nilimwomba twende wote Kilosa. Alinipeleka ndani, akanionyesha mumewe, amelala kitandani, upande mmoja wa mwili umekufa. "Nitamwachia nani?" alisema. Nilimuuliza basi nimpelekee mama ujumbe gani. Alifikiri mpaka maji yalipoanza kulamba ubavu wa boti.

"Mwambie sipokei salamu za kutumwa. Aliye hai huja mwenyewe."

Tulirudi polepole, tukipigana na upepo ule ule uliotuleta. Siku nane badala ya tano. Sikutapika tena. Kwenye zamu yangu ya usukani Faki aliniachia boti akalala, na mimi nikajikuta sitazami mbele iliko Dar es Salaam. Nilikuwa nageuka nyuma.

Nilifika Kilosa asubuhi, nimebeba harufu ya bahari kwenye nguo. Mama alikuwa barazani. Alinisikia hatua, akasimama kabla sijaita.

"Yu hai?"

"Yu hai."

Nilikuwa nimepanga njia nzima jinsi ya kumficha lile jingine. Lakini alinishika mkono, akaninusa kiganja kama mtu anayenusa embe, nikashindwa. Nikamwambia yote. Kwamba baba yake alisema amekufa. Kwamba walimsomea hitima.

Hakuniachia mkono.

"Watu walikuwa wengi?" aliuliza.

"Kisiwa kizima, mama. Na wa Chole walikuja."

"Mwanahawa alilia?"

"Alilia mpaka akaugua. Anasema hakusuka nywele mwaka mzima."

Akajifunika uso kwa khanga. Nilidhani nimemuumiza, nikaanza kumwomba radhi, lakini alipoifunua alikuwa na uso ambao sikuwahi kumwona nao, uso wa msichana.

"Mimi nilijua wamenitupa," alisema. "Kumbe walinililia."

Nilikwenda nikiamini kwamba kwetu ni Kilosa na kwamba mama alikuwa mgeni aliyezoea. Nimerudi nikijua kwamba mtu anaweza kutamani mahali pawili kwa moyo mmoja, na kwamba hilo si ugonjwa wa kutibiwa. Sasa, nikiwa Mikumi na malori yananguruma, mimi pia huinua uso kuulizia upepo.

Siku ile ya kurudi nilimfikishia mama ule ujumbe wa mdogo wake mwisho kabisa. Alicheka, akapangusa macho. Kisha akasimama, akaingia ndani akipapasa ukuta, nikasikia anaburuta sanduku chini ya kitanda.

"Bakari," aliita, "treni ya Dar inapita siku gani?"