Kibao cha Shaba na Mkono wa Kasongo

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni Jumamosi moja hapa Likasi, mwisho-mwisho wa ile miaka ya tisini, nilipomvunjia rafiki yangu jina kwa sababu ya kibao cha kuwekea kipanya. Cheka tu. Weye unaniuliza kibao gani kigumu kinafaa kwa michezo yako ya kompyuta, na muuzaji amekuapia kwamba chake ni cha mabingwa. Muuzaji! Mimi simwamini hata akiniambia jua limetoka.

Baba yangu alikuwa mtu wa kiwanda cha shaba, na mshahara ulikuwa umekoma kabisa. Nyumbani bukari, huo ugali wetu, tulikula mara moja kwa siku, na hiyo mara moja nayo ni kubahatisha. Basi Papa Ngoy, mwenye duka la kuchapa barua, akaleta kompyuta kutoka Lubumbashi. Alitaka kijana mmoja tu wa kuifanyia kazi, nasi tulikuwa wawili: mimi na Kasongo, niliyekua naye ua mmoja. Akasema tushindane mchezo wa kupiga ndege za vita. Mwenye mkono mtulivu ndiye atakayebaki.

Kila mmoja aje na kibao chake. Kasongo alikata kipande cha formika kwenye meza iliyovunjika, akakipitishia msasa kidogo. Mimi, mtoto wa shaba, ningeweka nini kingine? Nilichukua bamba la shaba la baba, nikalisugua kwa ndimu na majivu mpaka nikayaona meno yangu ndani yake. Kasongo akaliangalia, akatikisa kichwa.

"Ndugu yangu, ile cuivre, ile shaba, inateleza sana. Kamata nusu ya formica yangu."

Ati nusu ya formika yake! Nikajiambia, huyu ana lake jambo. Nani anamgawia mshindani wake silaha? Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, nami nikaona methali hiyo imetungwa kwa ajili ya Kasongo. Nikamchunga siku nzima, hata alipokwenda chooni.

Jumamosi ikafika, na mshale wangu kwenye kioo cha kompyuta ukawa unarukaruka kama panzi. Ndege zinapita, mimi napiga hewa. Nikasimama kabla mchezo haujaisha, nikamnyooshea Kasongo kidole.

"Weye njo ulipakaa sabuni ku ile souris, ile kipanya! Minye nilikuona!"

Sikumwona, mwanangu. Niliusema uongo ule mbele ya watu, nikauamini papo hapo. Papa Ngoy hakupeleleza. "Muntu wa mukono mubaya siwezi kumuweka ku machine yangu," akasema. Kasongo akatoka bila hata kuchukua kibao chake.

Kazi nikapata. Jumatatu niko peke yangu, na mshale unaruka vilevile! Nikafungua kipanya: kile kijipira cha ndani ni kikavu, safi, hakina sabuni. Kilikuwa kinateleza tu juu ya shaba badala ya kubingirika. Nikajaribu juu ya formika ya Kasongo, kikaenda sawasawa. Na nilinyamaza, kwa sababu nyumbani walikuwa wameanza kula mara mbili.

Nilinyamaza miezi. Nilipomfuata hatimaye kule Kakanda, kwenye machimbo, nilimkuta akibeba mawe ya mashimoni. Jiwe lilikuwa limemponda vidole viwili vya mkono wa kulia, mkono ule mwepesi. Nikamwomba msamaha huku nalia.

"Nilikuambiaka," akasema. "Uliwaza nakudanganya. Minye nilitaka tucheze sawa." Akainua gunia lake, akaenda.

Basi chagua kibao kisichopinda, kisichocheza mezani, chenye ukwaruzo mdogo unaousikia kwa kidole. Vipanya vya siku hizi vina taa badala ya kijipira, lakini king'aacho kupita kiasi bado huvichanganya. Kijaribu kwa kipanya chako mwenyewe kabla ya kununua, na kipanguse vumbi kila unapoketi. Ukikosa shabaha, chunguza kibao, kisha mkono wako. Washuku wauzaji, shuku mashine, nishuku hata mimi. Lakini mtu usimtaje mbele ya wenzake kwa jambo ambalo jicho lako halikuliona. Na ukishamtaja kwa uongo, kimbia ukaseme kweli siku ileile, hata kama itakutoa chakula mdomoni.

Mungu akupe mkono mwepesi na ulimi mzito. Na akikuletea rafiki wa kukugawia nusu yake, akujalie kumpokea.